Mayai Yasiyojua Zamu

Siku hizi watu wa kwetu wanakula samaki. Nawaona sokoni Tengeru, akina mama wa Kimeru kabisa, wanachagua samaki wakavu, wanawageuza, wanawanusa, kisha wanawatia kapuni pamoja na ndizi. Wajukuu zangu wanakula mpaka vichwa. Mimi sili, na nyumbani wamezoea, siku ya samaki napewa maharage. Wananiona mzee mshamba. Wacha wanione hivyo.

Zamani mtu wa Meru aliyekula samaki alihesabiwa sawa na aliyekula nyoka. Lakini si hiyo inayonizuia, maana nimeacha mengi ya zamani na sikufa. Nakataa samaki kwa sababu niliwahi kuwalea, na ulezi huo ulimgharimu mtu mwingine, si mimi.

Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya misheni. Nilikwisha kutahiriwa, ndevu zimeanza kuchomoza, na wenzangu wa rika baadhi yao walikuwa wameoa. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mjerumani, reli imeshafika Moshi. Juu ya Tengeru, pale migomba yetu inapokoma na msitu unapoanza, Mzungu mmoja alipewa shamba na serikali yake. Alilima kahawa kama wenziwe, ila moyo wake ulikuwa kwenye samaki. Alisema kwao kuna samaki wa maji baridi mwenye madoa, na mito ya Meru ni baridi ya kutosha, kwa hiyo ni dhambi kuiacha mitupu. Mito yetu haikuwa mitupu, ilikuwa na maji. Hakuna aliyemwambia hivyo.

Bwana huyo aliomba shuleni apewe mwanafunzi mmoja anayejua kusoma na kuandika. Nikachaguliwa mimi. Nilitakiwa nikae kwake mpaka mayai ya samaki yaanguliwe, nijifunze kazi yote, na nikiifanya vizuri angeandika barua nipelekwe shule kubwa ya Tanga. Jina hilo la Tanga liliniingia kichwani likagoma kutoka. Waliosoma Tanga walirudi makarani na walimu. Walivaa kanzu nyeupe, na walipozungumza na Mzungu walisimama wima. Baba yangu alipozungumza na Mzungu alitazama chini, na mimi niliiona aibu hiyo kuliko yeye mwenyewe alivyoiona.

Mayai yalikuja kwa meli, kisha kwa gari moshi hadi Moshi, na kutoka hapo wapagazi waliyabeba kwa miguu kupitia Kikatiti, wakibadilishana mabega bila kupumzika. Lilikuwa sanduku ndani ya sanduku, katikati yake barafu na majani laini yale yanayoota juu ya mawe yenye unyevu. Barafu nilikuwa nikiiona juu ya Kilimanjaro tangu utotoni, asubuhi kukiwa kweupe. Nilipoigusa siku ile nilidhani imeniunguza, nikarusha mkono, na nyapara akacheka mpaka akashika mbavu.

Nyapara huyo alikuwa Mswahili wa Pangani, mtu mzima, Mwislamu mwenye kuswali kwa wakati na kusema bila wakati. Yeye ndiye aliyesimamia vibarua wote wa shamba. Alinitania tangu siku ya kwanza.

"Nyinyi watu wa mlimani, Mungu kawapa mto, mkauogopa," alisema. "Kwetu mtoto hunyonya ziwa mkono mmoja, mkono wa pili kashika samaki."

"Ndiyo maana mnanuka," nikamjibu.

"Lo! Kijana ana mdomo huyu. Utakuponza mdomo huo."

Mayai yenyewe yalikuwa madogo kama punje za mbaazi, rangi ya chungwa lililoiva, na kila moja lilikuwa na vidoti viwili vyeusi. Bwana alinipa kioo cha kukuzia nitazame. "Macho," akasema. Nilitazama, na yai likanitazama. Nakiri kwamba tangu hapo sikuweza kuyaona kama uchafu.

Nyumba ya mayai ilikuwa banda la mbao lenye giza, maana jua huyaua. Ndani kulikuwa na mahori manne marefu, yamechomwa ndani kwa moto mpaka yakawa meusi ili yasiote ukungu, na mayai yalilala humo juu ya chekeche za waya. Maji yaliingia kwa mfereji wa mbao, yakapita kwenye pipa la changarawe na mchanga, yakatiririka juu ya mayai, yakatoka upande wa pili. Kazi yangu ilikuwa kusoma kipimajoto mara tatu kwa siku na kuandika, kuosha mchanga, na kuyapitia mayai moja moja. Yai likifa hugeuka jeupe, na likiachwa humwambukiza jirani yake. Nilikuwa na kibano cha mti na unyoya wa bata. Unyoya wa kusogezea yaliyo hai, kibano cha kutolea yaliyokufa. Mikono ilipaswa kuwa haina mafuta hata kidogo, na mimi nimezaliwa katika nyumba ambamo mtoto hupakwa mafuta ya kondoo kabla hajapewa jina.

Jumapili nilipokwenda nyumbani mama alinitengea kibuyu changu peke yangu, na kabla sijaingia alinimwagia majivu mikononi ninawe. Rika langu ndio waliosema. Waliniita mkunga wa nyoka. Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Sasa ni lazima niseme habari za maji, maana bila hayo haya mengine hayaeleweki. Maji ya yale mahori yalitoka kwenye mfereji wa ukoo wetu. Uliuchimba ukoo, tangu banio, kizuizi cha mawe na magogo ya migomba kinachogeuza maji kule juu mtoni, ukashuka kwa kuzunguka vilima mpaka kwenye mashamba yetu. Mto wenyewe ulipita chini kwenye korongo, na kupanda na maji ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Babu yangu, baba yake baba, ndiye aliyekuwa mzee wa mfereji. Yeye aligawa zamu: leo nyumba hii, kesho ile. Mtu aliyeiba zamu alitozwa pombe ya ndizi na aibu, na aibu ndiyo iliyokuwa nzito.

Bwana hakumwomba babu maji, alimjulisha. Babu alikubali kwa sababu mjukuu wake alikuwa ndani ya nyumba ile, na alitaka kuona. Akaja siku moja, mfupi, mkali, fimbo mkononi, akaingia kwenye banda lile ambalo baba yangu hakulivuka hata kizingiti chake. Akainama juu ya hori akatazama kwa muda mrefu.

"Yanauma?"

"Hayaumi, babu. Ni mayai."

"Zamu yao ni lini?"

"Hayana zamu. Yanataka maji siku zote. Yakikosa hata nusu siku yanakufa."

Akanyoosha mgongo. "Ng'ombe anajua zamu. Mgomba unajua zamu. Mimi mwenyewe nikiwa na kiu nangoja. Kitu kisichojua zamu kitatuletea matata," akasema, akatema mate chini, nje ya mlango, kwa adabu. Wiki tatu baadaye alikufa.

Alikufa mayai yakiwa yamebakiza siku chache. Machache yalikuwa yameshaanguliwa: vidudu vyembamba kama sindano, kila kimoja kimebeba kifuko chekundu tumboni, vimelala chini vikihema. Bwana alikuwa ameondoka asubuhi ile kwenda bomani Arusha kwa shughuli zake, akatuachia neno moja tu, mimi na nyapara: maji yasikatike.

Baba alikuja adhuhuri. Hakuingia uani. Alisimama nje ya ua, akaniita, nami nikatoka nikijua kabla hajasema, kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimenyolewa.

"Babu yako ametuacha," akasema. "Kesho asubuhi tunamzika. Tukishamzika, nitafunga banio."

Katika ukoo wetu, mzee wa mfereji akifa, mfereji nao hufiwa. Mtoto wake wa kwanza hupanda mpaka kwenye banio, akaufunga kwa mkono wake, akapanda jani la isale, mmea wetu wa heshima na wa makaburini, juu ya mawe, na maji yakarudishwa mtoni siku nne. Maji aliyoyagawa hayapiti mlangoni pake akiwa bado hajapumzika. Na kuna jambo jingine, dogo kwa kulisikia. Katika siku hizo nne, mtu yeyote akiuliza ni nani aliyefunga, ni lazima ajibiwe kwa sauti na kwa ukamilifu: amefunga mtoto wa marehemu, kwa mkono wake. Kunyamaza, au kusema sijui, ni kumtukana maiti. Ni kusema kwamba hakuacha mtoto, na kwamba maji yake yamekatwa na mwizi.

"Siku nne, baba?"

"Siku nne."

"Vitakufa vyote."

Alinitazama kana kwamba nimesema kwa lugha ya kigeni. Kisha akalegea kidogo. "Nimekuja kukuambia leo ili uvitafutie maji mengine," akasema. "Mtu hafungiwi maji bila kuambiwa, hata Mzungu. Mwenyewe hayupo, basi nakuambia wewe." Akageuka akaenda.

Nimeyafikiria maneno hayo miaka yote. Alifunga safari, siku aliyofiwa na baba yake, kuja kuyaombea muda mayai ya kitu anachokichukia.

Asubuhi nilikwenda mazikoni. Tulimlaza babu kwenye migomba, nyuma ya nyumba yake. Desturi ni kwamba mjukuu wa kwanza humfuata baba yake mpaka banioni, akimbebea isale. Mjukuu wa kwanza nilikuwa mimi. Baba alipoanza kupanda aligeuka kunitafuta, nami nikawa nimeshapita njia ya chini, nakimbilia mayai. Isale ilibebwa na mtoto wa baba mdogo. Mtu akiniuliza leo ni kitu gani nilichokosa kwanza, nitasema ni hicho.

Maji yalipungua hori kwa hori, yakawa uzi, yakakatika. Nyapara alikuwa ameshakusanya madebe na vibarua wawili. Tulishuka korongoni na kupanda, tukashuka na kupanda, siku nzima ile na siku ya pili. Lakini maji ya debe si maji ya mfereji. Yanakaa, yanapata joto, na kipimajoto nilikiona kikipanda mbele ya macho yangu, nikaandika kila namba kama nilivyofundishwa. Vilivyoanguliwa ndivyo vilivyotangulia, vikalala ubavu. Kisha mayai yakaanza kugeuka meupe, kwanza pembeni, kisha chekeche nzima. Nilikuwa nimefundishwa kutoa jeupe lililo katikati ya yaliyo hai. Kufikia siku ya tatu nilikuwa nikitafuta lililo hai katikati ya meupe, na nikilipata nalihamisha kwenye bakuli, na nikirudi nalo limefifia.

Nililia. Babu alikuwa kaburini siku ya tatu na sikuwa nimemlilia bado. Kama machozi yale yalikuwa yake au ya mayai, sijui, na hilo peke yake linatosha kunitia aibu.

"Basi, mwanangu, basi," nyapara akaniambia. "Kazi ya Mungu hiyo. Mzungu akija, niachie mimi niseme. Wewe usifungue kinywa."

Bwana alirudi mchana ule juu ya nyumbu wake. Hata kabla hajashuka aliuona mfereji wa mbao umekauka. Aliingia bandani, akakaa humo kwa muda, sisi tumesimama uani. Alipotoka alikuwa mweupe kuliko kawaida yake, na alikuwa ameshika daftari langu la joto.

Wakati huohuo wanawake watatu wa ukoo wetu walikuwa wakipita nje ya ua wakitoka korongoni, wamenyoa vichwa, mitungi mgongoni, maana mfereji ukiwa umefungwa hata kwetu maji yalitoka mtoni. Mmoja wao alikuwa shangazi, dada yake baba. Walimwona Mzungu amekasirika wakasimama, kama mtu yeyote angesimama.

"Maji yako wapi?" Bwana akauliza.

Nyapara akaruka. "Bwana, kule juu mawe yameporomoka. Mvua ya juzi, Bwana. Nimeshapeleka watu watengeneze."

Hapakuwa na mvua juzi, na Bwana alijua. Hata hivyo, uongo ule ulikuwa mzuri. Ungetosha. Angefoka, angempiga mtu teke, angeagiza mayai mengine. Lakini alifungua daftari, akatazama mwandiko wangu, akatoa kalamu mfukoni, akanitazama mimi.

"Wewe unaandika kila kitu," akasema. "Sema wewe. Nani amefunga maji?"

Shangazi na wenzake walikuwa wanasikia. Swali limeulizwa, siku nne hazijaisha, na mimi ni mjukuu wa kwanza ambaye hakubeba isale. Nikasimama wima, kama mtu wa Tanga, nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili safi cha shule:

"Amefunga baba yangu, mtoto wa kwanza wa marehemu, kwa mkono wake mwenyewe."

Nje ya ua wanawake waliitikia kwa pamoja, sauti ya chini, kama inavyopaswa. Nyapara alifumba macho. Bwana aliandika.

Bwana alipoingia ndani ndipo nyapara alinivuta kando. Sikuwahi kumwona bila utani usoni. "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," akasema. "Nilikwambia unyamaze."

"Ni mila yetu. Akiulizwa mtu, lazima ajibu."

"Na mila yenu ilipotungwa, aliyekuwa akiuliza alikuwa Mzungu?"

Ningeweza kukimbia nyumbani saa ileile nikamwambia baba apande msituni. Kulikuwa na mchana mrefu mbele yangu. Sikukimbia. Nilirudi bandani nikaosha chekeche, kwa sababu hakuna aliyeniambia niache kazi.

Askari watatu walikuja asubuhi yake. Walianza na banio. Walilibomoa kwa majembe, wakang'oa isale wakaitupa, maji yakashuka siku ya nne haijatimia. Yalipita mbele ya nyumba ya babu yakiwa na tope. Mama alikaa ameyapa mgongo, na hakuchota, wala hakumruhusu mtu achote, mpaka kesho yake. Maji yale yalifika kwenye mahori yangu yakatiririka vizuri sana juu ya chekeche tupu.

Baba walimkuta kwake, anakata majani ya ng'ombe. Hakubisha. Walimpeleka bomani Arusha akapigwa viboko hamsa ishirini, kama ilivyokuwa kawaida ya wakati ule, kisha akatiwa mnyororo pamoja na wafungwa wengine kutengeneza barabara ya kwenda Moshi. Nyapara alifukuzwa kwa kusema uongo. Aliondoka na mkeka wake wa kuswalia begani, na alipopita bandani aliniaga vizuri, akaniita mwanangu. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Mimi nilipata barua yangu. Bwana aliiandika mbele yangu, akanisomea kwa Kiswahili ili nijue ameniandika nini. Alisema hapa wote wanamdanganya, hata nyapara wake, lakini kijana huyu hakudanganya hata kwa ajili ya baba yake mzazi. Mwalimu wetu naye aliisoma darasani. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, akasema, na wenzangu wakageuka kunitazama. Baadhi yao walikuwa watu wa Meru. Walinitazama kwa namna yao.

Nilikwenda Tanga. Nasema hivyo kwa ufupi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mama alinifungia ndizi za kuchoma, hakusema nenda wala baki, nami nikaondoka na msafara wa wapagazi, kanzu mpya mwilini. Baada ya Kikatiti tulikuta wafungwa wanavunja mawe kando ya barabara. Nilisikia mnyororo kabla sijawaona. Nilikazia macho visigino vya mpagazi aliyenitangulia, nikazihesabu hatua zake, na sikugeuza shingo mpaka sauti ile ilipokwisha. Kwa hiyo sijui kama baba alikuwemo. Huenda hakuwemo. Kulikuwa na makundi mengi.

Vita vya Wazungu vilinirudisha nyumbani kabla sijamaliza masomo. Baba alikuwa ameshafunguliwa zamani. Alikuwa amejifunza kukaa upande mmoja, na hakuvua nguo mbele ya watu tena, hata wakati wa kuoga mtoni. Bwana aliitwa vitani, banda la mayai likaliwa na mchwa, na mbao za mahori zilizobaki watu walizichukua kuwashia moto. Mimi nikawa mwalimu. Nimefundisha watoto wa watu hao wote, kwa elimu ile ya barua ile.

Nilingoja baba aniulize. Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza lilikuwa mila: niliulizwa mbele ya shangazi, ningefanyaje? La pili sikuwa nimemwambia mtu, na ndilo ninaloandika leo: niliulizwa na mtu mwenye kalamu, mayai yake yamekufa mikononi mwangu, na Tanga ilikuwa kwenye ncha ya kalamu ile. Mtu anaweza kusema neno moja kwa sababu mbili, na mwenyewe asijue ni ipi iliyofungua kinywa. Baba hakuuliza. Msimu kwa msimu tulipalilia pamoja, tukanywa pombe pamoja, tukagawa zamu za maji pamoja, maana alikuwa ameshika kiti cha babu.

Aliugua wakati wa Mwingereza, mimi nikiwa mtu wa watoto wanne. Nilikaa naye mchana mmoja, mama ametoka kuchuma mboga. Alikuwa amekonda, lakini akili yake timamu. Akaniambia nisogee.

"Kuna neno sikukuambia," akasema. "Siku zile za babu yako. Shangazi yako alikuja akaniambia kabla askari hawajafika. Aliniambia, kimbia, mtoto amekutaja. Nikamwuliza, amenitaja vipi? Akasema, mbele ya Mzungu, kwa sauti, hata 'kwa mkono wake' amesema. Basi nikabaki."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ulibaki kwa sababu hiyo?"

"Mtu aliyetajwa vile anakimbia vipi? Ningekimbia kama mwizi, ingekuwa umesema uongo." Akapumzika kidogo, anahema. "Hukubeba isale, na mimi nilikasirika sana. Lakini ulinitaja vizuri. Pale bomani nilikuwa nikijiambia, mwanangu amenitaja vizuri. Nilitaka ujue."

Barua ya Bwana ilikuwa kwenye sanduku langu la bati, chumba cha pili. Ningeweza kuinuka nikaileta, nikamsomea, nikamwambia lile jibu la pili. Nilimshika mguu, ulikuwa wa baridi. Nikasema, "Ndiyo, baba."

Alikufa baada ya siku mbili. Nilipanda mpaka kwenye banio nikalifunga kwa mkono wangu, na mtoto wangu wa kwanza alinifuata na isale, kwa sababu nilikuwa nimemshika mkono tangu kaburini nisije nikamwachia. Tulipokuwa tukishuka, mama mmoja mzee aliuliza kutoka shambani kwake ni nani aliyefunga maji. Mtoto alijibu kwa sauti, sawasawa kama nilivyomfundisha. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikatazama chini.